Sanduku Lililofika Tulia

Abdulatif aliishika santuri kwa kingo zake, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa pomoni, akailaza juu ya kitambaa cheusi.

"Tazama utakavyo, Bwana Inspekta. Lakini usoni usiiguse. Mafuta ya vidole yakiingia humo hayatoki."

Inspekta Mulinge aliweka mikono nyuma, akainama. Nje, mji wa Kitui ulikuwa umefunikwa na yale mawingu ya Julai yasiyonyesha wala kuondoka, na humo dukani ilibidi taa iwake mchana. Santuri ilikuwa ile ndogo, ya wimbo mmoja kila upande. Karatasi yake ya katikati ilikuwa imepauka kutoka kijani hadi rangi ya majani makavu. Jina la wimbo lilikuwa la Kikamba. Chini yake palikuwa na jina la mtu mmoja tu: Gedion Mutiso.

"Ni yenyewe au ni ya kuigiza?"

"Astaghfirullah! Mimi niuze ya kuigiza?"

"Sijasema umeuza. Nimeuliza."

Ilikuwa lazima aulize. Mutiso, mpiga gitaa wa Kambu, alipotea zamani, binti yake Eunice akiwa bado ananyonya. Alitoka Nairobi na sanduku la santuri zake mpya, za kwanza na za mwisho. Alikuwa apitie Tulia kwa wakwe zake kisha aende nyumbani. Hakuonekana tena, yeye wala sanduku. Kampuni iliyozitengeneza ilifungwa kabla ya kutoa nyingine, na kalibu zake zikauzwa kama vyuma kuukuu. Kwa hivyo hapakuwa na santuri ya Mutiso popote isipokuwa zilizokuwa ndani ya sanduku lile. Halafu mwezi uliopita Abdulatif akaweka picha ya moja mtandaoni akitafuta mnunuzi wa ng'ambo. Picha ikazunguka katika simu za watu hadi ikamfikia Eunice, naye akaja kituoni.

Mkubwa wa Mulinge hakupenda mafaili ya zamani. "Kama ni bandia, funga," alimwambia. "Kama si bandia, tafuta ilikotoka. Lakini itakuwa bandia."

Mulinge aliwasha tochi, akaielekeza kwa ubavu ili mwanga uteleze juu ya plastiki. "Nionyeshe unavyojua si ya kuigiza."

Abdulatif alivaa miwani. "Kwanza karatasi. Zile za kuigiza hubandikwa kwa gundi, na ukipitisha ukucha unasikia ukingo. Hii ilikandamizwa pamoja na plastiki ikiwa bado moto. Haina ukingo. Tena tazama hapa wimbo unapoishia. Unaona namba? Fundi aliikwaruza kwa mkono. Wanaoiga huipiga kwa mashine au huisahau kabisa. Na kama bado huniamini, sikiliza."

Aliiweka kwenye gramafoni. Sindano ikakoroma kidogo, kisha yakaja magitaa mawili yakifukuzana, na sauti mbili za wanaume, moja juu na nyingine chini. Mulinge alirekodi kwa simu. Mwishoni kabisa, magitaa yalipokwisha kunyamaza, sauti ya chini ilicheka ikaita, "Eunice!"

Abdulatif aliinua sindano, santuri ikasimama.

"Na hii?" Mulinge alionyesha kwa ncha ya kalamu. Kando ya jina la Mutiso, juu ya karatasi, palikuwa na michoro ya wino.

"Hiyo ndiyo inayoniharibia bei. Mtoto wa watu amechezea kalamu."

Mulinge aliinama zaidi. Ilikuwa mistari miwili iliyosimama, mmoja umelazwa juu yake kama paa, na nukta chini. Mtoto akishika kalamu huzungusha tu. Huyu alikuwa amenyoosha, na alikuwa amekaza mkono hadi karatasi ikaingia ndani.

"Uliipata wapi?"

"Mukuyuni, kwa Mbuvi. Alikuwa na baa yenye ile mashine ya muziki ya kutumbukiza sarafu. Watu walikuwa wanacheza humo mpaka asubuhi. Nilinunua kwake katoni nzima."

Alijibu upesi mno, kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Mulinge aliitia santuri ndani ya bahasha ya ushahidi, akaandika, akampa kalamu atie sahihi.

"Utanirudishia?"

"Kazi ikiisha."

"Kazi ya polisi haiishi, mwanangu," Abdulatif alisema, akatia sahihi.

*

Mbuvi wa Mukuyuni alikuwa mzee mnene mwenye jicho moja bovu, na alipoambiwa anachotafutiwa alicheka hadi akakohoa.

"Nimuue Mutiso? Mimi? Akipiga gitaa hapa Jumamosi nilikuwa naishiwa na bia kabla ya saa tatu. Nani anaua ng'ombe anayekamuliwa?"

"Mzee, kila mtu ana ng'ombe aliyemchoka," alisema Koplo Thuo. Alikuwa mtu wa Murang'a aliyehamishiwa huku majuzi. Ndiye aliyekuwa dereva, na tangu Kitui alikuwa ameshamhukumu Mbuvi.

"Huyu umemtoa wapi?" Mbuvi alimuuliza Mulinge.

"Tuonyeshe santuri zilizobaki."

Mzee alivuta katoni kutoka chini ya kitanda. Ziliwekwa ovyo, nyuso zimechakaa kuwa za kijivu. Mulinge alivaa glavu akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, moja baada ya nyingine, na kila alipoinua aliona uso wa Mbuvi kupitia katikati yake.

"Mbona zote zina tundu kubwa?"

"Mashine ile ilikuwa na donge nene kama dole gumba. Santuri ikitoka dukani ina kitundu chembamba cha gramafoni ya nyumbani. Sisi watu wa baa, kazi ya kwanza ni kung'oa kitovu. Usipong'oa haiingii."

Mulinge alitoa bahasha ya ushahidi, akaiinua mbele ya dirisha vilevile. Kitovu kilikuwa mahali pake. Mwanga ulipita katika kitundu kimoja chembamba tu. Alitazama na uso wa santuri pia. Ulikuwa bado unang'aa, bila ule ukijivu wa sindano nzito ya mashine.

"Hii haijawahi kuingia kwa baa," alisema. "Ilikaa kwa nyumba ya mtu, na huyo mtu hakuwa akiipiga."

Mbuvi alisogeza jicho lake zima karibu na bahasha. Kicheko kilimwisha. "Kumbe zilitengenezwa kweli," alisema. "Tulidhani zilikuwa domo tu."

Garini Mulinge alimpigia Abdulatif. Simu ililia sana kabla ya kushikwa.

"Mbuvi hajawahi kuwa nayo," Mulinge alisema. "Sasa nipe ukweli. Nikikurudia hapo dukani sitakuja na kalamu."

"Bwana Inspekta, wanunuzi wa ng'ambo wanapenda hadithi. Ukiwaambia imetoka baa ya Mukuyuni wanafurahi. Ukiwaambia imeletwa na mtu wa baiskeli, anayewapa akina mama mabeseni ya plastiki ili wampe vitu vikuukuu, nani atanunua?"

"Huyo wa baiskeli huzunguka wapi?"

"Mwingi, Migwani, Tulia. Popote penye wanawake na vyombo. Jina lake silijui, wallahi."

Thuo aliwasha gari. "Basi tumerudi tulikoanzia, afande. Kitui nzima ina mabeseni."

"Twende Kambu," alisema Mulinge.

*

Nyumba ya Eunice ilikuwa nyuma ya kibanda chake cha vitunguu, karibu na barabara kuu, na kila lori la Mombasa lilipopita vikombe vilitetemeka kabatini. Mama yake alikuwa amelazwa sebuleni ili asiwe peke yake. Alikuwa amebaki macho na mifupa.

"Hospitali wametuambia tumrudishe nyumbani," Eunice alisema kwa sauti ya chini. "Mnaelewa maana yake. Nasi tuna shida moja, afande. Anakataa kuzikwa peke yake. Pale shambani ametenga nafasi mbili, yake na ya baba, na kila asubuhi ananiuliza kama baba amefika."

"Tunafanya tuwezavyo."

"Mimi sitafuti wa kufungwa. Natafuta mifupa. Mkinipatia mifupa, mengine muachieni Mungu."

"Mengine ndiyo kazi yetu, mama," alisema Mulinge.

Alimtaka amweleze tena safari ya mwisho ya baba yake, pole pole. Eunice alisimulia kama mtu anayejua hadithi kwa kuambiwa. Baba alirekodi Nairobi pamoja na mjomba Ndululu wa Tulia, ndugu wa mama. Walipomaliza, mjomba alitangulia nyumbani. Baba alibaki kungoja sanduku, maana santuri zilikuwa bado hazijatengenezwa. Walikubaliana ampelekee mjomba ya kwanza, waisikilize pamoja, ndipo aje Kambu.

"Mjomba alimngoja Tulia, hakufika. Hata leo akisimulia anatoa machozi. Baba sikumjua, afande. Aliyenilea ni yeye. Karo yangu yote aliuza asali. Siku ya harusi yangu yeye ndiye alinitoa."

Mulinge aliweka simu kando ya mto wa mgonjwa akapiga wimbo. Mama yule alifumba macho. Midomo yake ilifuata maneno bila sauti. Jina la Eunice lilipoitwa, binti aliyaziba masikio kwa mikono miwili, kisha akayaachia.

"Ni yeye?" Mulinge aliuliza. "Ni Mutiso?"

"Wa juu ni Mutiso," alisema mama. Ilibidi Mulinge ainame. "Wa chini ni Ndululu. Ndiye anayeita. Huo wimbo ni wake, alimtungia mtoto alipozaliwa. Mutiso alijifunza kwake."

"Hata sikujua," alisema Eunice. Alipangusa uso kwa leso, kisha kwa aibu ya mwenyeji aliyesahau wageni akaleta chai. "Sina sukari, lakini nina kitu bora." Akashusha kutoka kabatini kithembe, pipa dogo la mti lenye kifuniko cha ngozi, akachota asali nyeusi kwa kijiko.

Thuo alinyoosha kikombe. Mulinge hakunyoosha. Ubavuni mwa kithembe, iliyochomwa kwa chuma cha moto, palikuwa na mistari miwili iliyosimama, mmoja umelazwa juu yake kama paa, na nukta chini.

"Asali nzuri," alisema. "Ni ya hapa?"

"Ya mjomba! Hakuna mavuno yanayopita bila kuniletea."

Mulinge alikunywa chai yake kavu. Alipoaga, mama alikuwa amemshika mkono binti yake akimuuliza kama Mutiso amefika.

*

"Sasa hiyo ni nini?" Thuo aliuliza kesho yake, wakipanda kuelekea Tulia. Manyunyu yalikuwa yameanza, na kioo kilijaa matope mepesi.

"Alama ya mizinga. Huku mtu hutundika mizinga mbali na kwake, porini, miaka na miaka. Anayelinda ni alama tu. Babu yangu alikuwa na yake. Alichoma kila kitu: mizinga, mishale, kiti, hata bakuli la mbwa. Huwezi kuazima ya mwenzako, na huwezi kuikana yako. Ukiikana, umegawa mali yako yote hadharani."

"Labda Mutiso alimpa hiyo santuri huko Nairobi."

"Ndululu aliondoka Nairobi kabla hazijatengenezwa. Kama santuri ilifika kwake, sanduku lilifika. Na kama sanduku lilifika, aliyelibeba alifika."

Thuo alibadilisha gia. "Yule mama wa Kambu," alisema. "Afadhali muuaji angekuwa Mbuvi."

Waliliacha gari kwenye geti la miiba. Uani, mwanamke kijana alikuwa akifua ndani ya beseni kubwa la buluu. Alikuwa mke wa mwana wa Ndululu, akawaambia mzee yuko nyuma anasafisha nta.

"Beseni zuri," alisema Mulinge. "Umelitoa sokoni?"

"Aa, kwa yule wa baiskeli. Nilimpa redio iliyokufa na sahani jeusi lililokuwa stoo ya mzee." Alicheka, akapunguza sauti. "Nilikoma! Mzee alinigombeza mpaka akaacha kula. Sahani bovu, hata halifai kulia chakula."

Ndululu alikuwa ameketi juu ya kigoda, mrefu hata akiwa ameketi, akikwangua nta kwenye ubao. Aliwasalimu kwa heshima, akaomba viti viletwe. Nyuma yake shamba liliteremka hadi mto mkavu, na kando ya ukingo ilisimama migunga yenye mizinga ikining'inia kwa mstari.

Mulinge alimwonyesha kitambulisho, kisha simu. Alikuwa ameikata picha ya santuri hadi ikabaki michoro ya wino tu.

"Mzee, naomba unisaidie. Hii alama ni ya nani?"

Ndululu aliishika simu mbali na macho, kisha karibu. Mgongo wake ulinyooka. "Yangu. Ya baba yangu kabla yangu. Umeiona wapi? Kuna mtu ameniibia mzinga?"

"Una hakika?"

"Kijana, wewe ni wa ukoo gani? Mtu anaulizwa kama ana hakika na alama yake?"

Mulinge aliipanua picha. Karatasi ya kijani ikatokea, kisha jina la wimbo, kisha jina la Gedion Mutiso.

Ndululu hakuitupa simu wala hakupaaza sauti. Aliirudisha kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kikombe cha mwenyeji, akachukua tena ubao wa nta. Kisu kilikwenda na kurudi.

"Nakutahadharisha," alisema Mulinge. "Si lazima useme chochote. Utakalosema litaandikwa na laweza kutumika mahakamani."

"Eunice anajua?"

"Bado."

Kisu kilisimama. "Alifika mchana, sanduku begani, anacheka. Nilikuwa hapa hapa. Akatoa moja akanipa, ya kwanza kabisa. Nikaisoma. Nikamwambia, shemeji, jina langu liko wapi? Akasema karatasi ilikuwa ndogo." Alitazama mikono yake. "Karatasi ilikuwa ndogo. Nikamuuliza tena, akacheka tena. Nilikuwa nachonga mzinga, na tezo lilikuwa mkononi."

Thuo aliacha kuandika. Mulinge alimwashiria aendelee.

"Zile santuri nyingine?"

"Ziko naye. Hiyo moja nilibaki nayo nikaitia alama, maana wimbo ni wangu. Sikuwahi kuipiga. Ningeipigaje? Ningesikia tunavyocheka."

"Yuko wapi, mzee?"

Ndululu aligeuza macho upande wa mto. Mulinge aliinuka, akateremka peke yake kuelekea mtoni katika manyunyu. Alipita chini ya mizinga akiinua kichwa. Kila mmoja ulikuwa na mistari miwili, paa na nukta, mipya imechomwa kwa kina, ya zamani ikisomeka kwa shida. Mgunga wa mwisho ulisimama umejitenga, juu ya rundo la mawe ambalo hakuna mkulima angelipanga mahali pale bila sababu. Mzinga wake ulikuwa mzee kuliko yote, umepasuka kwa jua, na nyuki walitoka na kuingia kwa wingi. Aliuzunguka kwa mbali, wakamfukuza, akaurudia upande wa pili. Ubavu wake ulikuwa mtupu. Haukuwa na alama.

Aliporudi, Ndululu alikuwa akimtazama.

"Ule wa mwisho hauna alama," alisema Mulinge.

"Ule si wangu. Ndio niliokuwa nachonga siku ile. Nilikuwa namchongea yeye, zawadi ya santuri." Sauti ya mzee ilibaki pale pale, wala haikupanda. "Niliumalizia baadaye nikautundika juu yake. Sijawahi kuuvuna. Asali ya mtu haivunwi na mwingine."

Mulinge alipiga simu Kitui, akaomba wachimbaji, daktari na mtu wa kufukiza nyuki. Kisha akapiga Kambu. Lori lilikuwa likipita huko, ikabidi angoje lipungue.

"Eunice, mama bado yuko?"

"Yuko. Amekataa uji, lakini yuko."

"Mwambie Mutiso amepatikana."

Alisikia kitu kikianguka, kisha pumzi zake tu, ndefu, kama za mtu aliyefika juu ya kilima. Alikuwa analia na kushukuru pamoja.

"Wapi, afande?"

"Tulia."

"Tulia!" alisema Eunice. "Kumbe alikuwa karibu hivyo na mjomba. Miaka yote hii. Mjomba ameambiwa? Niitie mjomba, nataka nimwambie mimi mwenyewe."

Simu ilikuwa na sauti kubwa. Ndululu alikuwa amesikia. Aliweka kisu chini, akafuta nta mikononi kwa suruali, kidole kwa kidole, akainuka na kumnyooshea Thuo mikono yote miwili.

"Afande?" Eunice aliita. "Mjomba anajua?"

"Anajua," alisema Mulinge.